Hesabu ya Kimo: Kwa Nini Mpanda Magome Huanzia Chini

Mara ya kwanza hutamwona ndege. Utaona kipande cha gome kimesogea. Yuko chini kabisa ya shina, shibiri moja kutoka kwenye mizizi, amelala kifudifudi kwenye mti kama aliyebandikwa. Uzito wake ni gramu nane au tisa, sawa na sukari ya vijiko viwili vya chai. Mgongo ni wa kahawia wenye michirizi myeupe iliyofifia, tumbo ni jeupe, na mdomo ni mwembamba uliopinda kidogo kuelekea chini. Anaruka hatua moja kwa miguu yote miwili kwa pamoja, mkia unagusa gome, anachungulia ufa, anachomoa kitu kisichoonekana, anaruka tena. Anapanda huku akilizunguka shina, kama muadhini kwenye ngazi za mnara. Akifika juu panapoanza matawi membamba, anajiachia hewani, anateleza hadi kwenye kitako cha mti wa jirani, na kuanza upya. Hiyo ndiyo kazi yake kutwa.

Kiswahili hakina jina moja la ndege huyu linalojulikana kila mahali, kwa hiyo hapa nitamwita mpanda magome. Yule wa Ulaya na Asia ni Certhia familiaris, jina alilopewa na Linnaeus mwaka 1758, na ndugu yake wa Marekani Kaskazini ni Certhia americana. Wanafanana kiasi kwamba kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa ndege mmoja. Wote wawili wana desturi hii ya kupanda kwa miguu na kushuka kwa mbawa, na kinyume chake ni nadra sana kuonekana. Hapo ndipo penye swali. Ndege ana mbawa. Kipi kinamzuia kurukia kileleni kwanza, kisha akaja akishuka taratibu huku akila?

Jibu linalorudiwa sana ni mkia. Manyoya ya mkia wa Certhia ni magumu na yamechongoka nchani, na ndege huyaegemeza kwenye gome kama mtu anayeegemea mkongojo. Miguu miwili na mkia vinampa nguzo tatu. Akigeuka kichwa chini, mkia unaning'inia juu bila kazi, na nguzo moja imepotea. Mkia huo una thamani kubwa kwake hata wakati wa kubadili manyoya: yale mawili ya katikati, yanayobeba mzigo, hayadondoki mpaka mengine kumi yawe yameota upya. Kigogota naye hufanya vivyo hivyo, ingawa hawana undugu wa karibu.

Yote hayo ni kweli, lakini naona mkia umesifiwa kupita kiasi. Unaeleza jinsi anavyopanda, na sababu ya kupanda bado haujaigusa. Ushahidi wa jambo hilo tunao hapa kwetu, kwenye miombo.

Katika misitu ya miombo, kuanzia Tanzania hadi Zambia, Kongo na Angola, yuko mpanda magome mwingine, Salpornis salvadori, aliyeelezwa kitaalamu na Mreno Barboza du Bocage mwaka 1878 kutokana na ndege wa Angola. Ni mkubwa kuliko wale wa kaskazini, mweusi-kahawia, na mwili mzima umenyunyiziwa madoa meupe. Akitulia kwenye shina lenye likeni, jicho linampita tu. Wanasayansi wamevutana kwa miaka kama ni jamaa wa Certhia au ana ukoo wake peke yake. Kinachonivutia mimi ni mkia wake: mfupi, laini, wa kawaida kabisa. Hauegemei chochote. Anapanda kwa miguu yake na kucha ndefu zilizopinda, mkia ukiwa umeachana na gome. Pamoja na hayo, anaanzia chini ya shina, anapanda, kisha anarukia kitako cha mti unaofuata.

Australia nako kuna ukoo mzima wa wapanda magome, Climacteridae, ambao kwa nasaba wako mbali sana na hawa wote. Hawana mkia wa kuegemea. Nao hupanda kwenda juu, na wengine huzunguka shina vilevile. Kwa hiyo tuna koo zisizo na mkia wa mkongojo zinazofuata ratiba ileile ya mwenye mkia. Sababu lazima iwe nyuma ya mkia, na huenda ndiyo iliyouzaa mkia wenyewe.

Aliyeiweka wazi ni R. Åke Norberg, mwanazuolojia wa Gothenburg, Uswidi, katika makala ya mwaka 1981 iliyouliza kwa nini ndege wanaotafuta chakula mitini wapande badala ya kushuka. Hoja yake ni ya nishati, na mtu wa pwani anaweza kuielewa kwa kumfikiria mkwezi. Mkwezi hulipwa kwa idadi ya minazi. Anapanda kwa jasho, anaangua, kisha anashuka kwa mikono na miguu ileile, akijizuia asiporomoke. Kimo alichokilipia wakati wa kupanda hakimpi faida yoyote wakati wa kushuka. Bado kinamdai nguvu ya kujizuia. Sasa mpe mbawa. Akimaliza kuangua atajiachia kutoka kileleni, na uzito wake mwenyewe utamfikisha kwenye shina la mnazi wa tano kutoka pale, bila kutoa jasho. Kimo kile kimegeuka kuwa nauli.

Mpanda magome ndivyo anavyofanya. Katika kila mzunguko, mwili wake lazima uinuliwe mara moja na ushuke mara moja, apende asipende. Swali ni ipi kati ya kazi hizo aifanye kwa miguu na ipi kwa mbawa. Kuruka ni kazi ghali kuliko zote za ndege, na kuruka kwenda juu kwa mwinuko mkali ndiko ghali zaidi. Kupanda hatua kwa hatua ni nafuu, tena anakufanya wakati ambao angekuwepo pale hata hivyo, akichungulia nyufa. Kwa hiyo kimo anakinunua polepole akiwa kazini, halafu anakitumia chote kwa mpigo mmoja katika safari ya kwenda mti mwingine. Akigeuza mpango, atalipia kimo kwa bei ya juu, kisha atakipoteza hatua kwa hatua akishuka kwa miguu bila kwenda popote.

Wapo wanaokwenda kinyume, na ni haki kuwataja. Ndege wa jenasi Sitta, ambao mara nyingi hukaa msitu mmoja na Certhia, hutembea kwenye shina upande wowote na wanajulikana hasa kwa kushuka kichwa chini, mguu mmoja ukining'inia juu na mwingine ukishikilia chini. Maelezo ya kawaida ni kwamba anayetoka juu huona vilivyojificha kwenye upande wa nyufa ambao anayetoka chini haoni. Lakini Sitta ana mdomo imara kama patasi. Anapasua mbegu, anazificha kwenye magome, anarudi kuzichukua. Uchumi wake una milango mingi. Mpanda magome ana mlango mmoja tu: kile ambacho kibanio chembamba kinaweza kuchomoa ufani bila kugonga wala kupasua.

Na kinachochomolewa ni kidogo mno. Buibui, mayai ya wadudu, mabuu, mbawakawa wadogo waliojikunyata. Maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell inakadiria kwamba mpanda magome wa Marekani hutumia kilokalori kati ya nne na kumi kwa siku, na kwamba buibui mmoja anampa nguvu ya kupanda karibu meta 60 wima. Hebu liweke hilo machoni: buibui mmoja kwa shina lenye urefu wa jengo la ghorofa ishirini. Kwa bei hiyo kupanda karibu ni bure, na ndiyo maana ndege anaweza kukagua mamia ya nyufa tupu kwa siku asifilisike. Kinachomfilisi ni usiku mrefu na magome yasiyofikika. Katika kijisitu kimoja cha Nottinghamshire, Uingereza, ambako ndege walivishwa pete na kufuatiliwa mwaka hadi mwaka, wapanda magome wachache walinusurika majira ya baridi yaliyokuwa na mvua nyingi. Mtu angetegemea theluji iwe mbaya zaidi. Lakini ndege huyu hufanya kazi tumbo likiwa limekaribia kugusa shina, na shina lililoloa humlowesha. Manyoya yaliyoloa hayahifadhi joto.

Mbinu zake za usiku zinaeleweka kwa hesabu hiyohiyo. Miti mikubwa ya sekwoya kutoka California ilipopelekwa Uingereza mwaka 1853, ilikuja na gome ambalo wapanda magome wa huko hawakuwahi kuliona: nene, laini, lenye nyuzinyuzi kama makumbi ya nazi. Baada ya muda walijifunza kuchimba humo vishimo vyenye umbo la yai, kimoja kinamtosha ndege mmoja, na hulala wameingia humo, mgongo tu ukiwa nje. Ukitembea kwenye bustani ya zamani huko, tazama shina la sekwoya kwa usawa wa kichwa. Kishimo chenye mchirizi mweupe wa kinyesi chini yake kina mwenyewe. Binamu yake wa Ulaya, Certhia brachydactyla, anatatua tatizo hilo kwa njia nyingine: hulala kwa kundi, hata zaidi ya kumi wamejikusanya kama mpira wa manyoya, mikia nje na vichwa ndani.

Rudi kwenye shina. Ikiwa kupanda ni rahisi na mawindo ni madogo, basi uamuzi mkubwa wa siku ni mti upi. Mpanda magome ni mchaguzi. Katika milima ya Cascade kusini mwa jimbo la Washington, watafiti Mariani na Manuwal walionyesha mwaka 1990 kwamba wingi wa ndege hawa unafuatana na ukubwa wa miti, na waliweza kusema kwa nini: kadiri shina linavyonenepa ndivyo mifereji ya gome inavyokuwa na kina, na kadiri mifereji inavyokuwa na kina ndivyo buibui wanavyozidi. Kijiti cha miaka ishirini kina ngozi laini, na buibui hana pa kujibanza. Msonobari wa Douglas wa miaka mia tatu ni mji mzima wenye vichochoro.

Kuna jambo la pili ambalo shina nene linampa, na hutajwa mara chache: eneo. Kitako cha mti mkubwa kina mzingo wa meta kadhaa. Ndege anayepanda kwa kuzunguka anapata gome jingi zaidi kwa kila meta ya kimo anayoinunua, na kwa kila safari ya angani anayoilipia. Msitu wa miti mia moja myembamba na msitu wa miti kumi minene unaweza kuwa na mbao sawa kwenye daftari la mkata miti. Kwa ndege huyu ni misitu miwili tofauti kabisa, kwa sababu ule wa kwanza unamlazimisha kusafiri mara kumi zaidi kwa chakula duni.

Kwenye miombo suala la gome lina sura yake. Wafuga nyuki wa jadi wa Tabora na Katavi hutengeneza mizinga kwa kuvua gome la mti mzima kama mtu anavyovuliwa kanzu, wakilizungusha na kulishona kwa vijiti kuwa silinda. Mti ukivuliwa gome pande zote hufa. Sitaki kumlaumu mfuga nyuki, ambaye kwa kawaida ana sababu kubwa kuliko mtu yeyote ya kutaka miombo ibaki imesimama, na mkaa unakula miti mingi zaidi kuliko mizinga. Ila ukitaka kuona msitu kwa jicho la Salpornis, anza na shina hilo lililobaki uchi, jeupe, laini kama ubao uliopigwa randa. Kwa kigogota bado ni ghala, kwa kuwa mabuu yatatoboa humo ndani. Mwenye kibanio hana cha kuchomoa.

Baada ya kuuchagua mti, auache lini? Swali hili linaonekana dogo, lakini lina nadharia yake. Mwaka 1976 mwanaikolojia wa Kimarekani Eric Charnov alitoa kanuni ambayo hadi leo inafundishwa: mlaji anayehama kutoka kiwanja kimoja cha chakula hadi kingine aondoke pale ambapo pato la dakika hiyo limeshuka hadi kufikia wastani wa pato la eneo zima, safari zikiwa zimejumlishwa. Mchuuzi wa karanga pale stendi anaijua kanuni hii bila kuisoma. Anapoingia ndani ya basi, wanunuzi watano wa kwanza wanakuja haraka, wa sita anasitasita, wa saba anaomba bei ipunguzwe. Mchuuzi mzoefu hamsubiri wa nane. Hata hivyo, siku ambayo stendi ina basi moja tu atabaki humo hadi kondakta amshushe.

Kwa mpanda magome kila mti ni basi, tena basi lenye umbo linalomsaidia kuamua. Chini gome ni nene na chakula ni kingi. Kadiri anavyopanda, shina linapungua, gome linakuwa laini, na pato linashuka. Haimlazimu kukumbuka alikula nini, kwa kuwa umbo la mti lenyewe linamwambia kwamba mambo yanaharibika. Hii ni faida nyingine ya kuanzia chini ambayo hoja ya nishati peke yake haiigusi: mwanzo wa safari ndipo penye shibe, na anaweza kuikatiza popote bila kupoteza sehemu bora. Anayeanzia juu angelazimika kupita kwenye umaskini kwanza ili aufikie utajiri.

Nadharia hiyo huchafuka mara tu wanapotokea walaji wengine, na mfano bora ninaoufahamu unatoka Ufini. Kwenye misitu ya misonobari ya huko wanaishi sisimizi wekundu, Formica, wenye vichuguu vya majani makavu vinavyoweza kumfikia mtu kiunoni. Sisimizi hawa hupanda mashina kwa maelfu kwenda kuwachunga vidukari huko juu na kunywa utamu wanaoutoa. Njiani hukikamata au kukifukuza chochote kinachotambaa, buibui akiwemo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä, miongoni mwao Teija Aho, Markku Kuitunen na Ari Jäntti, waliandika mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 kwamba sisimizi hupunguza wingi na ubora wa chakula kwenye mashina, kwamba wapanda magome hubadili mwenendo wao mbele yao, na kwamba jozi zenye himaya iliyojaa sisimizi hazifanikiwi kuzaa kama majirani wao. Mdudu na ndege wanagombea ufa mmoja, na gramu tisa zinashindwa. Jambo la kuchekesha ni kwamba wale wa Australia waliugeuza ugomvi huo kuwa mlo: sisimizi ndio chakula chao kikuu.

Mshindani mwingine ni mwenzi wa ndoa. Dume na jike wa Certhia familiaris hawali kwenye sehemu moja ya shina. Huko Ufini dume alionekana zaidi sehemu ya chini, kwenye gome nene, na jike sehemu ya juu. Mtu angeweza kudhani wamegawana kwa hiari, kama wanandoa wanaogawana shamba. Watafiti waliamua kuwaondoa baadhi ya madume ili waone itakuwaje. Majike waliobaki peke yao walishuka chini, wakaanza kula pale alipokuwa anakula dume. Pia walikaa muda mfupi zaidi kwenye kila mti.

Hilo la kwanza linaeleweka haraka: chini ndiko alikotaka kuwa tangu mwanzo, na aliyemzuia ameondoka. Hilo la pili nimelifikiria zaidi. Mtu angetarajia mjane mwenye vifaranga vya kulisha peke yake ang'ang'anie kila shina mpaka alimalize. Lakini kwa kanuni ya Charnov mambo ni kinyume, na nadhani ndiyo inayoeleza vizuri: sasa vitako vyote vya miti kwenye himaya ni vyake, wastani wa pato umepanda, na kwa hiyo nusu ya juu ya shina, ambayo jana ilikuwa riziki yake, leo hailipi tena. Anachukua meta chache za kwanza, anajiachia, na kutua kwenye kitako cha mti unaofuata.